Nani Atamwagilia Wakati wa Likizo?

Chuo cha ualimu kinapotaka kuanzisha kitalu cha miche ya miti, maswali ya kwanza huwa mbegu zitatoka wapi na viriba vitanunuliwa kwa fungu gani. Hayo yana majibu mepesi. Swali linaloamua kama kitalu kitakuwepo baada ya mwaka mmoja ni hili: siku wanachuo watakapofunga mabegi na kupanda mabasi kwenda makwao, nani atashika keni asubuhi na jioni? Mche wenye majani manne, ndani ya kiriba chenye nusu lita ya udongo, hauna akiba ya wiki mbili. Vitalu vya vyuo nilivyoviona vikifa vilikufa hivyo, katikati ya likizo, miche ikiwa imefika kimo cha kiganja na kila mtu akiamini kuna mwenzake aliyeachiwa kazi.

Ushauri wangu wote hapa unatoka katika jambo hilo. Mwanachuo hukaa chuoni miaka miwili au mitatu, na mti hukaa miaka 50 au zaidi. Kwa hiyo kitalu kinachoendeshwa na wanachuo kipangwe tangu siku ya kwanza kama kitu cha kukabidhiana. Ukubwa wake, aina za miti, daftari lake, fedha zake, hata vipindi vitakavyofundishwa pale, vyote vipimwe kwa swali la nani anapokea kutoka kwa nani.

Kabla ya kugusa udongo, kaeni na kalenda. Viongozi wa wanachuo na mkufunzi wa jiografia wachukue karatasi ya manila, waandike miezi 12, kisha wachore juu yake mvua za mahali penu, likizo, mitihani, na majuma ya mazoezi ya kufundisha (BTP) ambapo darasa zima huwa nje likifundisha mashuleni. Mvua hazifanani nchini Tanzania. Korogwe na Marangu wana vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Mpwapwa, Songea na Mtwara wana msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Miche hupandwa shambani mvua ikiwa imeshalowesha udongo mpaka chini kwenye shimo, wala si siku ya wingu la kwanza. Mkishapata tarehe hiyo, rudini nyuma. Mwarobaini na mjohoro huhitaji takriban miezi 3 hadi 4 kitaluni, mgrevilea na mkangazi miezi 4 hadi 6, na mparachichi wa kubebesha unaweza kuchukua karibu mwaka mzima.

Chuo kilichoko Mpwapwa kikitaka kupanda mjohoro mwanzoni mwa Januari, kisie mbegu wiki za mwisho za Agosti. Sasa tazameni karatasi. Kama chuo hufunga Desemba, likizo imeangukia palepale miche ilipo mikubwa kuliko wakati wowote, na yenye kiu kuliko wakati wowote. Ni heri kuliona hilo Julai kwenye karatasi kuliko Januari kwenye matuta yaliyokauka. Mkiliona mapema mna la kufanya. Mnaweza kupanda siku chache kabla ya kufunga, ikiwa mvua imekwisha kushika. Mnaweza kugawa miche kwa shule na majirani ili ibaki michache. Na kama lazima ibaki yote, ikusanyeni pamoja chini ya mwembe au mti mwingine wenye kivuli kizito, viriba vikiwa vimebanana. Kivulini mche hutumia maji kidogo, na viriba vilivyobanana havichomwi na jua ubavuni. Mkirudi, mtaizoesha jua upya.

Ila kivuli hakimwagilii. Wateueni watu wawili kwa majina, na wasipungue wawili, kwa kuwa mmoja atapata msiba au homa. Wanachuo ambao kwao ni karibu na chuo wanafaa sana. Mlinzi au mpishi wa chuo anafaa pia, mradi mumlipe. Kumwomba mtu mzima akumwagilieni matuta mwezi mzima kwa neno la asante ni kumwonea, na ni kuitafutia miche kifo. Malipo hayo yaandikwe kwenye bajeti ya kitalu kabla ya viriba.

Kuhusu ukubwa, mwaka wa kwanza msizidi miche 500. Najua mkuu wa chuo angependa kusikia elfu kumi, na mgeni rasmi naye. Simameni kwenye 500, na mtumie idadi hiyo kufundishia hisabati, maana hesabu zake zote ni za kweli na majibu yake yanahitajika kesho asubuhi.

Chukueni kiriba kilicholazwa bapa, upana wake sentimeta 10. Wanachuo wengi watasema kipenyo chake ni sentimeta 10. Waacheni wakijaze udongo, wapime. Upana wa bapa ni nusu ya mzingo, hivyo mzingo ni sentimeta 20, na ukigawanya kwa 3.14 kipenyo kinakuwa karibu sentimeta 6.4. Kikijazwa kufikia kimo cha sentimeta 15, kinameza karibu nusu lita ya udongo. Viriba 500 basi vinataka lita 250, ambazo ni ndoo za lita 20 kumi na mbili na nusu. Mchanganyiko uliozoeleka ni sehemu 3 za udongo wa juu wenye rutuba, 2 za samadi iliyooza vizuri na 1 ya mchanga. Mgawanyo wa ndoo 12 na nusu kwa uwiano wa 3:2:1 ni swali ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kulikokotoa akiwa ameshika chepe. Udongo wenu ukiwa wa mfinyanzi, ongezeni mchanga. Ukiwa wa kichanga, punguzeni. Finyangeni tonge lenye unyevu mkononi: lishikamane, kisha livunjike likiguswa kwa kidole.

Maji nayo yana hesabu yake. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Viriba 500 vya ukubwa huo vinaenea vizuri kwenye tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 3. Mkitaka kulipatia tuta milimita 10 kwa siku wakati wa joto, mnahitaji lita 30, yaani ndoo moja na nusu. Zidisheni kwa siku za likizo, mpime umbali wa bomba au kisima, ndipo mtajua kama kazi mnayomwachia mlinzi inabebeka. Mtu akitaka miche elfu kumi, mwonyesheni hesabu hii: lita 600 kila siku, kwa mikono. Tuta lisizidi upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila mtu kukanyaga miche.

Mbegu zinahitaji uangalifu ambao haraka ya mwanzo huupuuza. Kituo cha mbegu za miti cha Morogoro, kilichokuwa kikijulikana kama Wakala wa Mbegu za Miti na sasa kiko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), huuza mbegu zilizokaguliwa, na afisa misitu wa wilaya atakuelekezeni namna ya kuzipata. Mkikusanya wenyewe, msichume zote kwenye mti mmoja ulio nyuma ya bweni. Tafuteni miti mingi yenye afya, iliyoachana mita 50 au zaidi, ili miche isiwe yote ya tumbo moja. Kisha mjifunze tabia ya kila mbegu. Ya mwarobaini hupoteza uhai ndani ya wiki chache, kwa hiyo iondoleeni nyama ya tunda na kuisia ikiwa mbichi. Ya mkwaju hukaa muda mrefu ikitunzwa mahali pakavu. Ya mlusina na ya migunga mingi ina ganda gumu, nayo humiminiwa maji yaliyochemka na kuachwa humo yapoe usiku kucha. Kabla ya kusia kwa wingi, hesabuni mbegu 100, mzipange makundi manne ya 25 kwenye mchanga wenye unyevu, mwone ni ngapi zinaota. Makundi manne yatatoa majibu manne tofauti, na hapo mkufunzi wa hisabati atakuwa amepata somo la wastani ambalo hakuna atakayelisahau.

Katika kuchagua aina za miti, chuo kina historia ya kujifunzia. Huko Amani, Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, wakaleta miti kutoka pande nyingi za dunia. Maesopsis eminii, mti ulioletwa Usambara na kupandwa huko, baadaye ulisambaa wenyewe ndani ya msitu wa asili, na hadi leo ni mzigo kwa wahifadhi. Chuo kisipande mti wa kigeni kando ya msitu kwa sababu tu unakua upesi. Mlusina hasa hujiotesha ovyo. Jiulizeni pia nani ataukuta. Mkaratusi unakua haraka na una soko la nguzo, lakini ukiuweka karibu na chanzo cha maji, watakaoulizwa na kijiji ni wanachuo wa miaka kumi ijayo.

Pandeni pia michache ya asili hata kama inachosha subira. Mpingo huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Mninga una tabia inayostahili ukurasa wake kwenye daftari: sehemu ya juu ya mche hukauka kiangazi na kuchipua tena mvua zikirudi, na huendelea hivyo miaka kadhaa huku mzizi ukijijenga chini. Wanachuo wapya wasiojua hilo watakuta vijiti vikavu, watavitupa kwenye shimo la mboji, na kazi ya wenzao itakwenda na takataka. Kibao kidogo chenye maneno "Mninga, usitupwe, utachipua" kinaweza kuiokoa.

Magonjwa ni machache mkiwa na kiasi. Adui mkubwa wa miche michanga ni kinyausi. Mche unasimama vizuri jioni, asubuhi umelala chini, shingo yake imenywea pale inapokutana na udongo. Kinyausi hupenda maji mengi, mbegu zilizosongamana na kivuli kisichopitisha hewa. Punguzeni maji, ng'oeni iliyougua, punguzeni msongamano, fungueni kivuli kiasi. Nashauri mfanye jaribio la makusudi: trei tatu za mbegu zilezile, moja ikimwagiliwa mara moja kwa siku, nyingine mara mbili, ya tatu ilowe muda wote. Baada ya majuma mawili wanachuo wataacha kuamini kwamba upendo kwa mche ni maji mengi.

Jambo la pili la kiufundi ambalo sitalipita haraka ni mizizi. Mche unapohamishwa kutoka tuta la kusia kwenda kwenye kiriba, mwenye haraka huusukuma kwenye tundu fupi na mzizi hukunjika kuelekea juu. Juu ya udongo hakuna kinachoonekana. Mche utakua, utasifiwa, utapandwa, halafu baada ya miaka utasinyaa au utaangushwa na upepo, na hakuna atakayejua kwamba kosa lilifanyika kwa sekunde mbili kitaluni. Tundu liwe refu kuliko mzizi, mzizi ushuke wima, udongo ubanwe polepole pembeni. Kila kundi litoe kafara miche mitano kati ya iliyohamishwa na kila mmoja, ioshwe ndani ya ndoo, mizizi itazamwe hadharani. Inauma kidogo kuharibu miche hai, lakini hakuna njia nyingine ya kujua mkono wa nani unahitaji kusaidiwa. Baadaye mizizi ikianza kutoka chini ya viriba, inueni viriba kila baada ya majuma machache na kuikata, mkimwagilia kabla na baada. Mwezi wa mwisho punguzeni kivuli na maji hatua kwa hatua, ili mche uzoee maisha utakayoyakuta shambani.

Sasa kuhusu kufundishia nje. Wakufunzi wengi hulipeleka darasa la watu 60 kitaluni, wanasimama juani wakilihutubia, upepo unachukua maneno, walio nyuma wanazungumza yao, na kesho yake mkufunzi anarudi kwenye ubao akisema somo la nje linapoteza muda. Maelezo yamalizike darasani. Nje pawe mahali pa kutazama, kupima na kubishana. Gawanyeni watu 60 katika makundi sita, kila kundi lipewe swali moja linalojibiwa kwa macho na rula ndani ya dakika 20. Kwa mfano, kwa nini miche ya ukingoni mwa tuta hailingani na ya katikati? Kundi lipime kimo cha miche kumi ya kila upande, lichimbe kidole kwenye udongo wa viriba, liangalie jua linatokea wapi. Kisha wote warudi kivulini, kila kundi liseme lilichokiona, na lipingwe na wengine. Mkufunzi aseme mwisho, kwa ufupi.

Kila somo litafute kazi ambayo kitalu kinaihitaji kweli. Jiografia itunze kipimamvua na kuandika milimita kila saa 3 asubuhi. Kiswahili kina kazi nzuri kuliko zote: kuandika maelekezo ya likizo. Wanachuo waandike ukurasa mmoja kwa yule atakayebaki: amwagilie lini, kiasi gani, afanye nini mvua ikinyesha, ampigie nani simu mbuzi wakiingia. Kisha karatasi apewe mtu ambaye hajawahi kufika kitaluni, afuate maneno yaliyoandikwa bila kuuliza chochote, darasa likimtazama kimya. Palipoandikwa "mwagilia vya kutosha" atasimama akishangaa, na mwandishi ataona mwenyewe sentensi yake ilivyopungua. Andikeni upya mpaka mgeni afanikiwe. Karatasi hiyo ndiyo itakayobandikwa ukutani Desemba.

Vyuo vyenye shule ya mazoezi vina bahati ambayo havijaitumia ipasavyo. Mwanachuo alete watoto 15 wa darasa la nne kitaluni na kuwafundisha kipindi kizima huku wenzake wawili wakiandika alivyowaongoza. Atajifunza kuwadhibiti watoto pasipo kuta, ujuzi atakaouhitaji atakapopangiwa shule ambayo darasa moja ni mwembe. Akienda BTP, apeleke bahasha ya mbegu na viriba vichache. Miche yenyewe aibebe tu kama mvua za huko zimeanza.

Nina ombi moja kwa wakufunzi wa nidhamu, na ninaliomba kwa uzito wote. Kitalu kisiwe mahali pa adhabu. Mchelewaji asipelekwe kumwagilia, aliyevaa vibaya asipelekwe kujaza viriba. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo na wanafunzi washiriki katika kuamua mambo yake. Katika shule nyingi somo liliondoka, jembe likabaki, na hatimaye jembe likawa fimbo. Wanachuo wetu wengi wamekulia humo. Mkiwarudisha kwenye udongo kwa kosa la kuchelewa, watakwenda kuwarudisha watoto wao wa darasani vivyo hivyo, na mti utaendelea kuchukiwa na vizazi ambavyo havikuukosea.

Wanachuo wakiongoza, waongoze kweli. Wachague mwenyekiti, mhasibu na mtunza stoo, na mkufunzi mlezi asiwe na ufunguo wa sanduku la fedha peke yake. Miche ya matunda iliyobebeshwa, hasa parachichi na maembe, ndiyo inayoweza kulisha kitalu, kwa kuwa majirani huinunua. Fedha hiyo ilipe mmwagiliaji wa likizo kwanza, viriba na mbegu baadaye. Mapato na matumizi yabandikwe hadharani kila mwisho wa mwezi. Wanachuo wakifanya uamuzi mbaya, kama kununua mbegu ambazo hazitaota, mlezi aache hasara ndogo itokee, iandikwe daftarini pamoja na sababu.

Makabidhiano yapewe siku yake. Kila mwanachuo wa mwaka wa mwisho awe na mwenzake wa mwaka wa kwanza tangu muhula wa kwanza, wafanye zamu pamoja, na wiki moja kabla ya mtihani wa mwisho wahesabu kila kitu: miche kwa aina, viriba, keni, majembe, toroli, fedha. Anayeondoka anasaini, anayepokea anasaini, mlezi anashuhudia. Daftari lisiwe la mtu. Likae ofisini, na nakala yake stoo.

Miche ikishatoka kitaluni, toeni kiriba kabla ya kupanda na kukirudisha chuoni, kwa kuwa plastiki iliyoachwa hubana mizizi na kuchafua shamba. Kisha msihesabu mashimo. Harakati ya Green Belt, iliyoanzishwa Kenya na Wangari Maathai mwaka 1977, iliwapa akina mama malipo madogo kwa kila mche uliopona, na chuo kinaweza kuiga kipimo hicho. Idadi inayobandikwa kwenye ubao wa matangazo iwe ya miti iliyo hai baada ya kiangazi kimoja kizima.

Hesabu hiyo waifanye wanachuo wapya wa mwaka wa kwanza wakishapoa na safari, wakiongozwa na mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili mwenye daftari. Watembee mti kwa mti. Safu ya kwanza waandike hai au umekufa, ya pili aina, ya tatu sababu kadiri wanavyoweza kuisoma ardhini: mchwa, mbuzi, ukame, moto, panga la mfyekaji. Ikionekana mbuzi wameua wengi kuliko ukame, fedha ya mwaka huo iende kwenye miiba na uzio kabla ya mbegu, na mkutano na wafugaji wa jirani uitishwe na viongozi wa wanachuo wenyewe, mkuu wa chuo akiwa mwalikwa. Baada ya hapo ndipo darasa jipya liketi na karatasi yake ya manila na kuamua miche mingapi itaoteshwa.